Ufa wa Nyumba ya Mawe Hauzibwi kwa Saruji

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Usemi huo ni wa kweli hata leo, ila wahenga hawakuwa na haja ya kueleza ufa huo uzibwe kwa kitu gani, kwa maana katika miji ya pwani dawa ya ukuta wa mawe ilikuwa moja tu, nayo ni chokaa. Siku hizi mwenye nyumba akienda dukani hukuta mifuko ya saruji imepangwa hadi darini, na hapo ndipo usemi unapogeuka. Wapo watu wengi katika miji ya kale ya pwani ambao waliuziba ufa mapema, tena kwa gharama kubwa, na bado wakaja kujenga ukuta.

Mambo huanza hivi. Familia imerithi nyumba ya mawe, iwe Lamu, Pate, Pangani, Bagamoyo au Mji Mkongwe wa Unguja. Chini ya ukuta wa sebule limetokeza doa la unyevu. Nguo zilizo katika sanduku lililoegemea ukuta huo zinaota ukungu, na mama mwenye nyumba anachoka kufagia unga mweupe unaodondoka sakafuni kila asubuhi. Harusi ya binti imekaribia, nayo nyumba yafaa ipendeze machoni pa wageni. Basi huitwa fundi, kijana hodari aliyezoea kujenga kwa matofali ya saruji, naye hubandua lipu yote ya zamani na kuukandika ukuta saruji tupu toka chini hadi usawa wa kifua. Siku ya harusi ukuta unang'aa kama sahani. Misimu miwili au mitatu ya mvua ikipita, doa lile lile huonekana tena, safari hii juu ya ile saruji, karibu na dari. Hatimaye saruji huanguka vipande vipande, na kila kipande huondoka na nyama ya jiwe.

Yafaa kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, kwani fundi yule hakuwa mzembe wala saruji yake haikuwa mbovu. Kosa ni kwamba nyumba ya mawe ya pwani ilitibiwa kwa dawa ya nyumba nyingine.

JINSI NYUMBA ILIVYOJENGWA

Mawe ya nyumba hizo ni matumbawe, yaani mawe yaliyofanyika kutokana na viumbe wa baharini. Yapo ya namna mbili. Mengi ni yale magumu yenye matundu, yachimbwayo nchi kavu mahali palipokuwa bahari zamani za kale. Mengine yalikatwa katika miamba iliyo ndani ya maji, yakiwa laini hata kuweza kuchongwa, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Hayo ya pili ndiyo yaliyotumika kwa kazi ya urembo, kama vile vizingiti vya milango na zidaka, vile vishubaka vilivyopangwa safu kwa safu katika kuta za ndani za nyumba za Lamu.

Mawe hayo yaliunganishwa kwa chokaa, nayo chokaa yenyewe ilitokana na matumbawe. Magogo yalipangwa duara, mawe yakarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Mawe yaliyoiva yalizimwa kwa maji, na chokaa hiyo ikaachwa kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa. Waashi waliichanganya na mchanga, na Unguja waliongeza pia udongo mwekundu. Kuta zilikuwa nene, aghalabu nusu mita hivi, ili jua la mchana lisipenye ndani.

Juu ya kuta zililazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti yakapangwa mawe na kumwagwa chokaa, ambayo ilipigwapigwa mpaka ikashikamana. Kwa kuwa gogo la mkoko lina urefu wake na haliwezi kubeba mzigo kupita hapo, vyumba vya nyumba hizo ni vyembamba na virefu, upana wake ukiwa mita mbili na nusu hadi tatu tu. Anayeingia nyumba ya kale ya Lamu hupita daka, hufika kiwandani palipo wazi juu, kisha huingia misana na hatimaye ndani, mahali pa faragha ya mama. Hata birika la maji lilitunzwa kwa akili ya watu wa bahari, kwani samaki wadogo walifugwa humo ili wale viluwiluwi vya mbu.

Haifai kudhani kwamba kila mvuvi aliishi katika nyumba ya namna hiyo. Nyumba za mawe zilikuwa za wenye mali, na wavuvi wengi waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti. Lakini kadiri miaka ilivyopita, nyumba nyingi za mawe zimekaliwa na watu wa kawaida, wavuvi, mabaharia, wachuuzi na mafundi. Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali zikagawiwa familia kadhaa kwa pamoja, na mara nyingi nyumba yenye wenyewe wengi haina anayepanda kuangalia paa.

UKUTA UNAOVUTA PUMZI

Ukuta wa matumbawe na chokaa haukujengwa ili uzuie maji kabisa. Umejaa vitundu vidogo vidogo. Mvua ikinyesha huloa, jua likiwaka hukauka. Unyevu unaopanda toka ardhini huingia ukutani na kutoka tena kupitia lipu ya chokaa, kama jasho linavyotoka katika ngozi. Katika maji hayo imo chumvi, kwa maana mawe ni ya bahari na hewa ni ya bahari. Chumvi ikifika juu ya lipu hukauka ikawa ule unga mweupe, mama akaufagia, na mambo yakaishia hapo. Lipu ya chokaa ikichakaa hubanduliwa ikapigwa nyingine. Lipu ndiyo iliyowekwa ife ili jiwe lipone.

Saruji ikija huziba njia hiyo. Unyevu haukomi kupanda kwa sababu tu umefungiwa mlango. Hutafuta pengine pa kutokea, na hapo huzidi kupanda hata ukafika mahali ambapo haukuwahi kufika. Chumvi nayo, ikikosa njia ya kutoka, hukaukia nyuma ya saruji, punje zake zikavimba na kulisaga jiwe. Zaidi ya hayo, saruji ni ngumu kuliko tumbawe. Nyumba ya zamani hucheza kidogo kidogo kwa joto, kwa baridi na kwa uzito wake, na chokaa hukubali mchezo huo. Saruji haikubali, basi hupasuka, na katika nyufa zake maji ya mvua huingia yasiweze kutoka.

Hatari kubwa kupita zote haionekani kwa macho. Ncha za boriti zimelala ndani ya ukuta. Ukuta ukiwa mkavu, boriti ya mkoko huishi miaka mingi sana. Ukuta ukilowa daima nyuma ya saruji, ncha huoza kimya kimya huku sehemu ya katikati, ile inayoonekana chumbani, ikiwa nzima kabisa. Siku ncha ikikatika, dari hushuka pamoja na waliolala chini yake.

Si lazima kutafuta ushahidi mbali. Huko Kilwa, kuta za Husuni Kubwa zilizojengwa kwa matumbawe na chokaa katika karne ya 14 zimesimama mpaka leo kando ya bahari, ingawa ni magofu. Wala ukubwa wa nyumba si kinga. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Sultani Barghash, ilidumu zaidi ya karne nzima, lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka wakati wa kazi ya matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba ya kale ni mgonjwa anayetaka kujuliwa hali yake kabla ya kuguswa.

WAVUVI WA NCHI YA BARIDI

Jambo hili si la pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Kaskazini kabisa ya kisiwa cha Uingereza, katika nchi ya Scotland, wavuvi wa zamani walijijengea nyumba ndogo za mawe ukingoni mwa bahari. Katika kijiji cha Crovie nyumba zimepangwa mstari mmoja chini ya jabali, nyingi zikiipa bahari ubavu wao mwembamba, ili upepo na mawimbi yasipate ukuta mpana wa kupiga. Mbele yake pana njia ya miguu tu, gari haliwezi kupita. Aghalabu nyumba ya mvuvi wa huko ilikuwa na vyumba viwili, na chini ya paa nafasi ya kuwekea nyavu na zana. Wanawake ndio waliotia chambo katika mishipi yenye ndoano mamia kwa mamia kabla waume zao hawajatweka tanga.

Hali ya hewa ya huko ni kinyume cha joto la Lamu, lakini elimu ya ukuta ni ile ile. Mawe yaliunganishwa kwa chokaa, na nje ukuta ulivikwa chokaa iliyochanganywa na kokoto ili mvua iteremke na unyevu utoke. Mahali pasipokuwa na mawe ya chokaa watu walichoma makombe ya baharini. Katika kijiji cha Charlestown, jimboni Fife, kungali na matanuri 14 ya zamani yaliyochomewa chokaa kando ya bandari.

Karne ya 20 ilipoleta saruji kwa wingi, wenye nyumba wa Scotland walifanya yale yale. Walizikandika nyumba zao saruji ili zipate joto, nazo zikawa na baridi zaidi kwa unyevu uliofungiwa ndani. Sasa mafundi wa huko wanafundishwa upya kazi ya chokaa, na saruji inabanduliwa kwa uangalifu, ukuta kwa ukuta. Wenye mali na viwanda nao wamelipia kosa hilo. Hakuna sababu ya watu wa pwani ya Afrika kulilipia mara ya pili.

SARUJI SI ADUI

Hata hivyo haifai kuilaumu saruji kwa dhambi isiyo yake. Chokaa na saruji ni ndugu. Zote mbili huanza na jiwe la chokaa. Jiwe hilo likichomwa peke yake kwa joto la nyuzi 900 hivi huwa chokaa. Likisagwa pamoja na udongo na kuchomwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi huwa saruji. Aliyepata hati ya saruji ya Portland mwaka 1824, Joseph Aspdin, alikuwa mwashi wa Leeds, Uingereza. Kiwanda cha Bamburi karibu na Mombasa, kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, cha mwaka 1966, vimetumia mawe yale yale ya matumbawe waliyochoma mababu.

Ziko nyumba ambazo saruji ndiyo dawa yake. Mfano ni wilaya ya Rusizi, nchini Rwanda, kusini mwa Ziwa Kivu, ambako wavuvi hutoka usiku na taa kuvua sambaza. Huko Butare ya Rusizi, ambayo si ule mji wa Butare ulioko Huye, na katika vilima vya jirani, nyumba hazikujengwa kwa matumbawe, na ardhi yenyewe hutetemeka. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Jumapili, tetemeko la ardhi lilipiga pande za Bukavu na Rusizi, na nchini Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walikufa, baadhi yao wakiwa kanisani. Mahali kama hapo nyumba mpya ya matofali au mawe haina budi kufungwa kwa mkanda wa zege wenye nondo juu ya kuta zote, ili kuta zishikane mikono. Saruji ya kazi hiyo haiko mbali, maana kiwanda kimekuwepo Bugarama, wilayani humo humo, tangu mwaka 1984.

Kwa hiyo kila nyumba na dawa yake. Nyumba iliyozaliwa na saruji itibiwe kwa saruji, na nyumba iliyozaliwa na chokaa itibiwe kwa chokaa.

YAFAAYO KUFANYWA

Mwenye nyumba ya mawe aliyeona doa au ufa yafaa afuate utaratibu huu.

Kwanza, atafute maji yanakotoka. Paa linalovuja, mfereji uliovunjika, bomba la choo cha juu au udongo uliorundikana nje ya ukuta ndiyo asili ya maradhi. Lipu mpya juu ya bomba linalovuja ni fedha iliyotupwa baharini. Miche ya mitini inayoota ukutani ing'olewe ingali midogo, kwani mizizi yake hupasua mawe.

Pili, ajue kama ufa unatembea. Abandike juu ya ufa viraka viwili au vitatu vyembamba vya chokaa na kuandika tarehe. Kiraka kikibaki kizima kwa miezi kadhaa, ufa umelala. Kikipasuka, ukuta unasogea, na hapo aitwe mtaalamu wa majengo bila kukawia. Ncha za boriti nazo zichunguzwe kwa kuchokoa kwa msumari. Boriti iliyooza hupokea msumari kama boga.

Tatu, saruji ya zamani iondolewe kwa tindo na nyundo ndogo, polepole. Panapogongwa pakatoa sauti ya utupu, hapo imekwisha kuachana na ukuta, nayo itoke. Panapong'ang'ania jiwe, iachwe kwanza, kwani kuing'oa kwa nguvu ni kuling'oa jiwe pamoja nayo. Ukuta ukiwa wazi uachwe ukauke, ukifagiliwa chumvi kila mara.

Nne, lipu mpya iwe ya chokaa iliyozimwa vizuri, fungu moja kwa mafungu matatu ya mchanga safi. Mchanga wa pwani usitumike, maana una chumvi. Ukuta ulowanishwe, na lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba, kila moja ikingoja iliyotangulia ishike. Chokaa hukaza kwa kuvuta hewa ya ukaa polepole, na ikikaushwa haraka na jua hupasuka. Kwa hiyo ifunikwe kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku kadhaa. Mwisho ukuta upakwe chokaa nyepesi kama maziwa, mara kadhaa, badala ya rangi ya mafuta, ambayo huziba pumzi kama saruji.

Tano, watoto wakae mbali na kazi hiyo. Chokaa isiyozimwa hutokota inapokutana na maji, na huunguza ngozi na macho. Chokaa ndiyo itiwe katika maji kidogo kidogo, kamwe maji yasimwagwe juu ya chokaa. Fundi avae miwani na viatu. Ikimwingia mtu machoni, aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na apelekwe hospitali mara moja.

Sita, katika miji iliyohifadhiwa, kibali kitafutwe kabla ya kazi. Mji Mkongwe wa Unguja umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na Lamu tangu mwaka 2001. Hatua hiyo huwaudhi wengine kwa kuchelewesha kazi, lakini ndiko wanakopatikana watu wanaojua mafundi wa chokaa waliobaki.

Jambo moja halifai kurudiwa kama zamani, nalo ni kukata matumbawe yaliyo hai baharini. Mwamba huo ndio nyumba ya samaki, na mvuvi anayebomoa nyumba ya samaki ili akarabati yake atakaa katika nyumba nzuri yenye chungu kitupu. Mawe ya kuta zilizoanguka yanatosha kwa matengenezo mengi, na chokaa huuzwa madukani.

NYUMBA ISIYO NA MWENYEWE

Wapo watakaosema kwamba chokaa ni kazi ya polepole na fundi wake ni adimu. Ni kweli. Lakini yafaa kuhesabu pia gharama ya upande wa pili. Ukuta ukianguka, familia isiyo na fedha huuza kiwanja kwa bei ya kifusi, ikahamia mbali na bandari. Mnunuzi mwenye fedha huijenga nyumba upya, tena mara nyingi kwa chokaa ile ile iliyodharauliwa, akaifanya ya kupokelea watalii. Huko Shela, karibu na Lamu, nyumba nyingi za mawe sasa ni mali ya wageni wanaokuja kwa msimu.

Crovie iliyapitia hayo mapema. Dhoruba kubwa ya tarehe 31 Januari 1953 ilibomoa sehemu ya kijiji, na wavuvi wengi wakaondoka. Kuta zilizobaki zilikarabatiwa, na leo nyumba nyingi za hapo ni za mapumziko. Zimepakwa rangi na kutunzwa vizuri, lakini sehemu kubwa ya mwaka milango yake imefungwa, na hakuna mtoto wa mvuvi anayelala humo.

Ndiyo maana kazi hii ni ya watu wa nyumbani kabla ya kuwa ya wataalamu. Anayefagia unga mweupe kila asubuhi ndiye wa kwanza kuliona doa, na ndiye awezaye kumzuia fundi mlangoni akamwuliza mfuko aliobeba ni wa nini. Ufa na uzibwe, tena mapema, ila uzibwe kwa kile kilichoujenga ukuta.